Barua Pepe za Kutimiza Mwaka kwa Wateja Ulio Nao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye duka, hoteli, kliniki, SACCOS au uwakala wa bima ambaye tayari ana orodha ya wateja, na anataka kila mmoja apate barua pepe siku anapotimiza mwaka tangu aanze kununua au kujiunga, bila mtu kukaa na kalenda mkononi. Kuunganisha programu ni kazi ya mchana mmoja. Kinachokula siku ni kusafisha tarehe, na barua pepe nyingi zinazofika siku isiyo yake zimeharibikia hapo. Ndiyo maana majibu yanayohusu tarehe ni marefu kuliko mengine.

Ina tofauti gani na barua pepe ya siku ya kuzaliwa?

Ya kuzaliwa inakulazimu umwombe mteja taarifa yake binafsi, na wengi hawapendi kuitoa dukani. Ya kutimiza mwaka inatumia tarehe uliyo nayo tayari kwenye risiti, mkataba au fomu ya kujiunga, kwa hiyo mteja hashangai umeijuaje. Usiichanganye pia na barua ya kukumbusha kwamba bima au ada inaisha. Ile inadai hatua na inatakiwa itoke wiki kadhaa kabla. Hii ni ya shukrani na inatoka siku yenyewe. Ukiziunganisha, mteja anaona umemshukuru ili umdai.

Tarehe ipi ihesabiwe kuwa ndiyo mwanzo?

Chagua moja kwa orodha nzima. Kwa duka, risiti ya kwanza iliyolipwa ndiyo bora, kwa sababu mteja mwenyewe anakumbuka siku aliyonunua. Tarehe ya kufungua akaunti kwenye tovuti haifai, maana watu hufungua akaunti leo wakanunua baada ya miezi minane. Kwa SACCOS au ukumbi wa mazoezi, tumia siku ya kujiunga. Kwa hoteli, tumia siku ya kuingia, si siku ya kuweka nafasi.

Wateja wangu wa zamani hawana tarehe. Nizitoe wapi?

Kama mauzo yako yako kwenye jedwali, tarehe zipo. Tuseme laha ya Mauzo ina namba ya mteja safu ya A na tarehe ya mauzo safu ya C, na laha ya Wateja ina namba ya mteja safu ya A. Fomula hii inaleta tarehe ya mauzo ya kwanza ya kila mteja:

=MINIFS(Mauzo!C:C;Mauzo!A:A;A2)

Kama jedwali lako linatenganisha kwa mkato badala ya nukta mkato, badilisha. Fomula inafanya kazi kwenye Majedwali ya Google na kwenye Excel kuanzia toleo la 2019. Angalizo: mteja asiye na mauzo yoyote atapewa sifuri, na sifuri kwenye Majedwali ya Google ikiwekwa umbo la tarehe inaonekana 30/12/1899. Ukimwacha hivyo, atapokea pongezi za kuwa nawe tangu karne ya kumi na tisa. Chuja safu hiyo, na kila tarehe iliyo kabla ya mwaka ulipofungua biashara uifute.

Kama hakuna jedwali, rudi kwenye vitabu vya risiti, nakala za EFD kwa walio Tanzania au ankara za eTIMS kwa walio Kenya, taarifa ya malipo ya simu, na mazungumzo ya WhatsApp. Anza na wateja walionunua ndani ya miezi 24 iliyopita. Walio kimya zaidi ya hapo waache kwanza, kwa sababu anwani zao nyingi zimekufa, na kuzitumia barua kunaharibu sifa ya anwani yako.

Ukiujua mwezi tu na si siku, usibuni siku. Weka tarehe 1 ya mwezi huo, muweke kwenye kundi lake, na barua ya kundi hilo iseme "mwezi huu" badala ya "leo".

Tarehe zangu nyingine zimekaa kushoto kwenye seli, nyingine kulia. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Kwenye Excel na Majedwali ya Google, tarehe halisi hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto, mradi hukupanga safu mwenyewe. Safu iliyochanganyika hivyo inakuambia kwamba programu imesoma baadhi ya tarehe na nyingine imeshindwa.

Chanzo chake kwa kawaida ni mipangilio ya nchi. Jedwali likiwa limewekwa Marekani, linasoma mwezi kwanza. Ukibandika 25/03/2022, hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo linaacha kama maandishi na seli inakaa kushoto. Hiyo ndiyo nusu ya shida unayoiona. Usiyoiona ni 05/03/2022, tarehe tano Machi, ambayo limeipokea kwa furaha kama Mei 3 na kuiweka kulia kama tarehe safi. Siku yoyote kuanzia 1 hadi 12 inaweza kugeuzwa hivyo kimyakimya. Kwa hiyo usitengeneze zilizokaa kushoto peke yake ukadhani umemaliza, kwani zilizokaa kulia ndizo zilizoharibika zaidi.

Namna salama ya kurekebisha:

1. Usirekebishe juu ya data iliyoharibika. Rudi kwenye faili la asili.
2. Fungua jedwali jipya tupu. Kwenye Majedwali ya Google ingia Faili, kisha Mipangilio, uweke nchi inayoandika siku kwanza (Uingereza inafaa), na saa za eneo ziwe za Nairobi au Dar es Salaam.
3. Ingiza faili upya ndani ya jedwali hilo.
4. Ongeza safu ya pembeni yenye =TEXT(C2;"yyyy-mm-dd"). Tarehe tano Machi itoke 2022-03-05. Umbo hili la mwaka kwanza halina utata, na ndilo la kupakia kwenye programu ya barua pepe.
5. Chukua risiti kumi za karatasi zenye siku chini ya 13, ulinganishe moja moja.

Ukikuta namba kama 45292 mahali pa tarehe, usiogope. Hiyo ni tarehe ikiwa imevuliwa umbo lake: Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900, na 45292 ni Januari 1, 2024. Irudishie umbo la tarehe tu.

Mbona wateja mamia wana tarehe moja?

Karibu kila mara hiyo ni siku data ilipohamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, au ni Januari 1 iliyojazwa na mtu aliyeona safu tupu. Orodha ya wateja 2,400 iliyotawanyika vizuri inatoa wastani wa barua 6 au 7 kwa siku. Tengeneza jedwali egemeo (pivot table) linalohesabu wateja kwa kila tarehe, ulipange kuanzia kubwa. Siku yenye watu 60 ifuatiliwe, labda kulikuwa na maonyesho ya Sabasaba au ofa. Siku yenye watu 900 ni ya kuhamisha data, na tarehe hizo zifutwe. Zikiachwa, barua 900 zitatoka asubuhi moja kutoka kwenye anwani iliyozoea kutuma saba, na Gmail itazitilia shaka.

Aliyeanza tarehe 29 Februari atapata lini?

Programu nyingine humtumia tarehe 28, nyingine Machi 1, nyingine humsubiri hadi mwaka mrefu ujao, yaani 2028. Usisubiri kujua yako inafanyaje. Tengeneza safu mbili: tarehe halisi, na tarehe ya kutuma. Kwenye ya kutuma andika 28 Februari.

Nitumie programu gani?

Kama una wateja chini ya elfu moja na hutaki gharama, Majedwali ya Google pamoja na Apps Script (sehemu yake ya kuandikia programu ndogo, yaani skripti) yanatosha, na maelekezo yako chini. Ukiwa na zaidi ya hapo, au ukitaka mtu asiyejua skripti aweze kuhariri barua, chukua huduma kama Brevo, MailerLite au Mailchimp. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: je, mpango huo unaruhusu barua za kujituma zenyewe kwa tarehe inayorudi kila mwaka, na kikomo cha siku ni barua ngapi? Mpango wa bure wa Brevo, kwa mfano, una kikomo cha barua 300 kwa siku, ambacho kwa kazi hii ni kingi.

Hatua za kuweka kwenye huduma hizo ni zipi?

Majina ya vitufe yanatofautiana, mpangilio ni ule ule.

Kwanza tengeneza sehemu mpya ya taarifa za mteja na uchague aina yake iwe *tarehe*. Ukiiacha iwe maandishi, kichochezi, yaani sharti linaloanzisha barua, hakitaiona kamwe. Kwenye Mailchimp, usichague aina ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu hiyo huhifadhi siku na mwezi tu na mwaka hupotea.

Kisha, kabla ya kupakia chochote, simamisha barua zote za kukaribisha wateja wapya. Kosa hili hutokea sana: mteja wa miaka mitano anapokea "Karibu kwenye familia yetu!" kwa sababu mfumo umemwona leo kwa mara ya kwanza.

Pakia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), kwa usimbaji wa UTF-8, na uchague kuwasasisha waliopo, si kuwaruka. Fungua wateja watano baada ya kupakia uone tarehe imeingia sawa.

Sasa tengeneza mtiririko, yaani mpangilio wa barua za kujituma zenyewe. Kichochezi kiwe *kila mwaka tarehe hiyo inaporudi*. Huduma nyingi zina chaguo la pili linalofanana, la tarehe kamili yenyewe, na watu wengi hulichagua bila kujua. Mteja aliyeanza Juni 10, 2021 hatapata kitu milele kwa chaguo hilo, maana Juni 10, 2021 haitarudi. Ruhusu mteja aingie tena kwenye mtiririko, la sivyo atapata mwaka wa kwanza tu. Weka sharti kwamba awe ametimiza angalau siku 360, ili aliyenunua leo asipongezwe leo.

Washa, kisha rudisha barua za kukaribisha. Ambao tarehe yao imeshapita mwaka huu watasubiri mwakani. Usiwatumie kwa kuwafidia.

Na kwa Majedwali ya Google?

Tengeneza laha iitwayo Wateja yenye safu tano kwa mpangilio huu: Jina, Barua pepe, Tarehe, Ruhusa, Mwaka wa mwisho. Safu ya Ruhusa iandikwe NDIYO kwa wanaokubali. Ya mwisho iache tupu, skripti itaijaza, na kosa likitokea italiandika safu ya sita. Ingia Viendelezi, kisha Apps Script, ufute kilichopo na ubandike hii:

```
function tumaBarua() {
  const eneo = 'Africa/Nairobi';
  const laha = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Wateja');
  const mistari = laha.getDataRange().getValues();
  const sasa = new Date();
  const leo = Utilities.formatDate(sasa, eneo, 'MM-dd');
  const mwaka = Number(Utilities.formatDate(sasa, eneo, 'yyyy'));
  for (let i = 1; i < mistari.length; i++) {
    const [jina, anwani, tarehe, ruhusa, mwisho] = mistari[i];
    if (!(tarehe instanceof Date) || ruhusa !== 'NDIYO') continue;
    if (Number(mwisho) === mwaka) continue;
    if (Utilities.formatDate(tarehe, eneo, 'MM-dd') !== leo) continue;
    const mwanzo = Number(Utilities.formatDate(tarehe, eneo, 'yyyy'));
    if (mwanzo >= mwaka) continue;
    try {
      MailApp.sendEmail({
        to: anwani,
        name: 'Jina la duka lako',
        subject: jina + ', asante kwa kuwa nasi',
        body: 'Habari ' + jina + ',\n\nSiku kama ya leo, mwaka ' + mwanzo +
          ', ulinunua kwetu kwa mara ya kwanza. Asante.\n\n' +
          'Ukitaka tusikuandikie tena, jibu neno ACHA.'
      });
      laha.getRange(i + 1, 5).setValue(mwaka);
    } catch (kosa) {
      laha.getRange(i + 1, 6).setValue(String(kosa));
    }
  }
}
```

Hifadhi, kisha bonyeza alama ya saa upande wa kushoto, ongeza kichochezi kipya, chagua tumaBarua, kinachoendeshwa na muda, kila siku, kati ya 08:00 na 09:00 za mfumo (saa mbili hadi saa tatu asubuhi). Itaendeshwa dakika yoyote ndani ya saa hiyo. Mara ya kwanza Google itakuomba ruhusa na kukuonya kwamba programu haijathibitishwa. Ni skripti yako mwenyewe, endelea. Inafanya kazi kwenye seva za Google, kwa hiyo umeme ukikatika ofisini haijali.

Sehemu ya try na catch usiiondoe. Bila hiyo, anwani moja yenye nafasi katikati inasimamisha kazi nzima, na wote walio chini yake siku hiyo wanakosa. Kikomo cha akaunti ya kawaida ya Gmail ni wapokeaji 100 kwa siku kupitia skripti. Ya Google Workspace ni 1,500.

Barua zinatoka siku moja kabla. Kwa nini?

Saa za eneo hazilingani. Jedwali lina saa zake, mradi wa skripti una zake, na huduma ya barua pepe ina zake. Tarehe 10 Juni saa sita usiku Dar es Salaam bado ni Juni 9 kwa saa za dunia, UTC, kwani sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ziweke zote Nairobi au Dar es Salaam. Wateja wako wakiwa Kigali au Lubumbashi wako nyuma saa moja, Muscat wako mbele saa moja; ukituma asubuhi ya kawaida tofauti hiyo haibadilishi siku.

Itumwe saa ngapi?

Saa tatu asubuhi hadi saa tano ni muda mzuri kwa wateja wa ofisini. Lakini tahadhari na kosa letu sisi wenyewe: saa tatu asubuhi kwenye mfumo ni 09:00. Anayeandika 03:00 kwa mazoea ya saa ya Kiswahili anamwamsha mteja saa tisa usiku. Aliyepewa kazi ya kuweka aandikiwe kwa tarakimu, 09:00, asiambiwe kwa mdomo.

Barua yenyewe iandikweje?

Fupi, maneno 60 hadi 100. Kichwa cha barua kisizidi herufi 40 hivi, kwa sababu simu hukata.

Usiandike "Kumbukumbu ya mwaka mmoja". Neno ni sahihi, lakini yeyote anayesoma magazeti yetu analijua kutoka kwenye matangazo ya marehemu, yenye picha na "hatutakusahau". Mteja akiona jina lake pembeni ya maneno hayo hatafurahi. Andika "umetimiza mwaka mmoja nasi" au "leo ni mwaka mmoja tangu ujiunge".

Suala la pili ni idadi ya miaka. Violezo vilivyotengenezwa kwa lugha nyingine huchomeka tarakimu tu na kutoa "1 miaka" au "miaka mbili", na msomaji anajua mara moja kwamba hakuna mtu aliyeandika. Ukitaka idadi, tengeneza safu ya maneno, ambapo D2 ni idadi ya miaka:

=CHOOSE(D2;"mwaka mmoja";"miaka miwili";"miaka mitatu";"miaka minne";"miaka mitano";"miaka sita";"miaka saba";"miaka minane";"miaka tisa";"miaka kumi")

Sita, saba, tisa na kumi hazichukui kiambishi, ndiyo maana fomula ya kuunganisha "mi" na namba haifai. Safu hii lazima isasishwe na kupakiwa upya kila mwaka. Kama hutaki usumbufu huo, fanya kama skripti ya juu: "Siku kama ya leo, mwaka 2021". Mwaka wa kuanza haubadiliki, hivyo hauna cha kusasisha wala cha kukosea. Sisi tunaupendelea huu.

Jina lishughulikie kwa makini. Orodha zilizotoka kwenye malipo ya simu huwa na herufi kubwa zote na majina matatu, kwa hiyo chukua la kwanza na ulipitishe kwenye fomula ya PROPER, inayobakiza herufi kubwa ya mwanzo tu. Mteja mwenye umri wa mzazi wako kumwita jina tupu ni kumkosea, hasa kwa duka dogo linalomjua. Weka safu ya heshima: Bw., Bi., Mama, Mzee, Dkt. Usipojua, "Mpendwa mteja" haina ubaya. "Ndugu" inapita kwa wote Tanzania, ila Kenya wengi wataisoma kama ya mwanamume. Na angalia jina likikosekana barua inasomekaje, isije ikatoka "Habari ," yenye nafasi tupu.

Mfano:

"Habari Bi. Neema. Siku kama ya leo, mwaka 2021, ulichukua kwetu kitanda chako cha kwanza cha mninga. Asante kwa kutuamini tangu siku hiyo. Kama kuna skrubu iliyolegea au droo inayokwama, jibu barua hii, fundi wetu atapita bila malipo mwezi huu."

Lazima niweke punguzo?

Hapana. Huduma ndogo kama ile ya fundi hapo juu mara nyingi inathaminiwa zaidi. Ukiweka msimbo wa punguzo, uwe wa kila mteja peke yake, utumike mara moja, na uishe baada ya siku 14. Msimbo mmoja kwa wote utazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jioni. Na hakikisha anayekaa kaunta anaujua, maana mteja akifika na kuambiwa "hatuna taarifa" umeharibu kuliko kama usingemwandikia.

Nani asitumiwe?

Aliyejitoa. Mwenye malalamiko ambayo hayajafungwa. Mwenye deni lililochelewa. Aliyerudishiwa fedha kwenye ununuzi ule wa kwanza. Na aliyefariki: mfanyakazi yeyote akisikia msiba wa mteja, abadilishe Ruhusa kuwa HAPANA siku hiyo hiyo, kwa sababu simu na barua pepe ya marehemu mara nyingi iko mikononi mwa mjane au mtoto. Kliniki iongeze hili: barua isitaje huduma aliyokuja nayo mgonjwa.

Ninahitaji ruhusa ya mteja?

Ndiyo, chukulia hivyo popote ulipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 37 kinahusu hasa kutumia data za mtu kibiashara. Uganda nayo ina yake ya 2019. Hoteli yenye wageni kutoka Ulaya ijue pia GDPR, kanuni za Ulaya za kulinda data binafsi. Kivitendo: kwenye risiti au fomu weka mstari usemao "Tukutumie barua pepe za shukrani na ofa? Ndiyo / Hapana", hifadhi tarehe aliyojibu, na kila barua iwe na njia rahisi ya kujitoa. Wateja wa zamani ambao hawakuwahi kuulizwa, waulize mara moja. Asiyejibu si aliyekubali.

Zinaingia kwenye spamu. Nifanye nini?

Anza na anwani ya mtumaji. Ukituma kupitia huduma ya barua pepe huku mtumaji ni anwani ya @gmail.com, barua haitapita ukaguzi wa Gmail, au huduma itabadilisha anwani yako. Unahitaji kikoa chako mwenyewe (jina lako la mtandaoni), na kwenye DNS yake, yaani mipangilio ya kikoa hicho, rekodi tatu zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako: SPF, DKIM na DMARC. Huduma yako itakupa thamani za kunakili. Yanayoharibika ni haya:

Rekodi mbili za SPF. Kikoa kinaruhusiwa moja tu inayoanza na v=spf1. Ukiongeza ya pili, zote zinabatilika. Unganisha ndani ya ile ile, na ukumbuke kwamba rekodi hiyo haitakiwi kuuliza DNS zaidi ya mara 10.

Jina kujirudia. Paneli nyingi huongeza kikoa zenyewe, hivyo ukiandika _dmarc.kikoa-chako.co.tz inakuwa _dmarc.kikoa-chako.co.tz.kikoa-chako.co.tz. Andika _dmarc peke yake.

Kuanza na DMARC kali. Anza na p=none, inayoripoti tu bila kuzuia barua, soma ripoti kwa wiki chache, ndipo ukaze.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa, kwa Gmail wale wa barua 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na rekodi zote tatu, kujitoa kwa bonyezo moja, na malalamiko ya spamu chini ya asilimia 0.3. Hutafika idadi hiyo kwa barua hizi, lakini fuata hata hivyo. Barua iliyo juu ya kilobaiti 102 Gmail huikata chini, na kilicho chini ni kile kiungo cha kujitoa.

Nijaribuje kabla ya kuwasha?

Tengeneza wateja watatu wa majaribio kwa anwani zako: mmoja tarehe ya kesho mwaka jana, mmoja tarehe ya kesho mwaka huu ambaye hatakiwi kupata, na mmoja asiye na jina. Usitumie tarehe ya leo, kwa sababu huduma nyingi hukagua siku usiku wa manane na ya leo imeshapita. Subiri hadi keshokutwa ndipo useme imeshindwa. Fungua kwenye simu ya bei nafuu yenye data ya kawaida, picha zikiwa zimezimwa, uone kama barua bado inaeleweka.

Mteja mmoja amepata mbili.

Yumo mara mbili kwenye orodha, kwa anwani mbili au kwa moja iliyoandikwa na nafasi mwishoni. Pitisha safu nzima kwenye fomula za TRIM (hufuta nafasi za ziada) na LOWER (hugeuza herufi zote kuwa ndogo), kisha ondoa zinazojirudia. Ukibakiza mmoja, bakiza mwenye tarehe ya zamani zaidi.

Wateja wangu wengi hawafungui barua pepe kabisa.

Watumie SMS tarehe ile ile. Ujumbe mmoja ni herufi 160, ila chunga alama ya ng'. Ukinakili kutoka Word, kile kiapostrofi kilichopinda kinaugeuza ujumbe mzima kuwa wa herufi 70, na utalipia mbili au tatu. Andika kilichonyooka.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Usitegemee idadi ya waliofungua. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple hupakia picha hata kabla mtu hajafungua, hivyo namba hiyo imevimba. Hesabu majibu yaliyorudi, misimbo iliyotumika, na waliojitoa. Kila Jumatatu linganisha idadi ya waliotakiwa kupata wiki iliyopita na idadi iliyotumwa. Zikitofautiana, angalia safu ya makosa siku hiyo hiyo, kwa sababu tarehe iliyopita haitarudi hadi mwakani.

Anwani ya kujibu iwe ipi?

Isiwe ile isiyopokea majibu. Watu hujibu barua hizi kuliko tangazo lolote: wanashukuru, wanauliza bei, wanalalamikia droo. Weka anwani inayosomwa na mtu kila siku ya kazi, na mtu huyo aweke jina lake chini ya barua.